DUBU WA KITABUNI ALIVYONIKOSANISHA NA DADA YANGU

Wewe mrembo unayelala umelikumbatia lile lidubu jekundu ulilonunuliwa Valentine, hebu nisikilize kidogo. Na wewe kaka uliyekamuliwa hela Kariakoo mwezi wa pili ili upeleke mdoli wa manyoya kwa mtu ambaye sasa hivi hapokei hata simu yako, nawe usiondoke. Leo sina habari za mapenzi. Nataka kuwapa habari za huyo dubu mwenyewe, maana amenitia matatani nyumbani kwetu Tabata, na mpaka naandika haya dada yangu ananijibu kwa mkato.

Mambo yalianza hivi. Mimi nakaa kwa dada yangu. Nilimaliza fomu foo, matokeo tusiyazungumzie, na tangu hapo naishi kwa kalamu, makala hapa makala pale, malipo yakichelewa najifanya nimefunga. Sasa anayekaa bure hakosi kupewa kazi. Mwalimu wa chekechea alimwambia dada kwamba binti yake wa miaka mitano anajua katuni zote za kwenye televisheni lakini kitabu hajui kinashikwaje. Basi ikatoka amri: kila usiku kabla ya kulala, mjomba asome hadithi.

Nikaenda Posta kwa wale jamaa wanaotandaza vitabu vya mtumba chini. Nikachagua vinne vyenye picha za kuvutia, elfu tatu tatu, nikaondoka kifua mbele. Kufika nyumbani ndio nagundua kuwa vyote vinne ni vya dubu. Sungura hakuna, fisi hakuna, kobe hakuna. Ni dubu mwanzo mwisho.

"Mjomba, huyu yuko Mikumi?" Hilo ndilo lilikuwa swali la kwanza la mpwa wangu.

Hayuko Mikumi wala Serengeti. Kusini mwa Sahara hatuna dubu wa porini. Waliokuwepo Afrika walikuwa kwenye Milima ya Atlas, huko Morocco na Algeria, nao wakatoweka karne ya 19. Mtoto akaniangalia kwa huruma. "Kwa hiyo mjomba umenunua vitabu vya mnyama ambaye hujawahi kumwona?" Ndiyo hivyo.

TEDDY ANA KESI NA SISI

Dogo alipolala nikaanza kuchimba. Huyu dubu wa manyoya ameanzia wapi? Kumbe, jamani, ana kesi na Afrika Mashariki!

Novemba 1902, Rais Theodore Roosevelt wa Marekani, ambaye watu walimwita Teddy, alikwenda kuwinda dubu huko Mississippi. Siku zikaenda bila yeye kupata kitu. Kiongozi wa wawindaji, mtu mweusi aliyezaliwa utumwani aitwaye Holt Collier, akamdhibiti dubu mmoja, akamfunga kwenye mti, akamwita rais aje apige. Roosevelt akakataa, akaona kumpiga mnyama aliyefungwa si uwindaji wa kiume. Clifford Berryman akaichora habari hiyo kwenye gazeti la Washington Post. Katuni ile ikampa akili Morris Michtom, muuza duka wa Brooklyn, na mkewe Rose, wakashona mdoli wa dubu na kumpa jina la Teddy. Kule Ujerumani kampuni ya Steiff nayo ilikuwa na dubu wake wakati huo huo. Biashara yote unayoiona Kariakoo ilianzia hapo.

Ambacho hakiandikwi kwenye kadi za Valentine ni kwamba dubu yule hakuachiwa aende zake. Alikuwa ameumia vibaya, rais akaagiza amaliziwe kwa kisu. Halafu Aprili 1909 bwana huyo huyo mwenye huruma akateremka Mombasa na bunduki zake. Yeye na mwanawe Kermit waliua wanyama zaidi ya 500 katika safari ile, simba 17 na tembo 11 wakiwemo. Simba hatukumpata wa kumchorea katuni.

Haya, turudi kwenye vitabu.

HAKUPIGA HODI

Cha kwanza kilikuwa kile cha dubu watatu, baba, mama na mtoto, wanatoka matembezi uji upoe kidogo, wakirudi wanakuta uji umenywewa, kiti kimevunjika na kitandani kuna kibinti cha watu kimelala fofofo. Wengi tunakijua hata kama hatujakisoma. Alichonishangaza nacho Robert Southey, Mwingereza aliyeichapisha hadithi hii mwaka 1837, ni kwamba kwake mwizi wa uji alikuwa bibi kizee. Katikati ya karne hiyo mwingine, Joseph Cundall, akaona vibibi vimeshazidi kwenye hadithi, akaweka msichana mdogo. Tangu hapo tunamwonea huruma mwizi kwa sababu ana nywele nzuri!

Mpwa wangu hakumwonea huruma hata chembe. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema: "Mbona hakupiga hodi?" Kwisha. Mlango wa mtu huingii bila hodi, na ukishapiga hodi ukanyamaziwa unarudi. Hadithi nzima ya wazungu ikawa imefungwa kwa neno moja la kwetu.

Cha pili kilikuwa cha familia ya Berenstain. Hawa ni kiwanda. Mke na mume, Stan na Jan Berenstain, walitoa cha kwanza mwaka 1962, mhariri wao akiwa Theodor Geisel, yule mnayemjua kwa jina la Dr. Seuss, na mpaka leo kuna vitabu zaidi ya 300. Kila kitabu kina hotuba yake. Kuna cha chumba kichafu, kuna cha kuzidisha televisheni, kuna cha kutoongea na watu usiowajua. Nilichonunua mimi kilikuwa cha vyakula vya ovyo. Mama dubu ndiye mwenye busara siku zote, na baba dubu ni juha wa kutupwa, anakosea kuliko hata watoto. Mwaka 1989 mwandishi wa safu Charles Krauthammer aliishambulia familia hii kwenye Washington Post mpaka watu wakashangaa mtu mzima anagombana na dubu. Mimi sina ugomvi nao, ila ninyi wenyewe pimeni: nilimsomea mtoto ubaya wa kula ovyo kurasa zote, mdomo ukanikauka, na asubuhi yake jambo la kwanza aliloomba ni chipsi mayai.

Ndipo nikaanza kufikiria. Sisi tulikulia kwa Sungura. Sungura wetu ni mjanja, anamwuza Fisi, anamtia Simba kisimani, anatoka na nyama. Ukimsikiliza vizuri anakufundisha usiibiwe, na ukipata nafasi uibe kidogo. Kwa maisha ya mjini hilo ni somo zuri, silidharau, wengine limetuvusha. Dubu wa vitabuni hana ujanja. Ni mkubwa, mzito, anaangusha vitu, anajichafua. Kitu pekee alicho nacho ni kwamba anataka kukaa na watu. Hadithi nzima inategemea kama kuna mtu atamfungulia.

LISA NA KIBUBU CHAKE

Cha tatu ndicho kilichomkamata mtoto. Kinaitwa Corduroy, kimeandikwa na kuchorwa na Don Freeman mwaka 1968. Huyu Freeman alikuwa mpiga tarumbeta, siku moja akaisahau tarumbeta yake kwenye treni ya chini ya ardhi New York akiwa amezama kuchora watu, na tangu hapo akaona basi, achore tu. Asante sana wewe uliyeiokota.

Corduroy ni mdoli wa dubu aliyevaa ovaroli ya kijani, yuko dukani anasubiri mnunuzi. Anapita msichana mdogo anaitwa Lisa, anampenda hapo hapo. Mama yake anakataa. Hela imeshatumika nyingi, halafu mdoli wenyewe si mpya, hana kifungo kwenye mkanda mmoja wa bega. Usiku duka likifungwa dubu anashuka rafuni kwenda kutafuta kifungo chake. Anapanda ngazi za umeme akidhani ni mlima, anafika kwenye vitanda akidhani ni ikulu, anavuta kifungo cha godoro, anaporomoka nacho, mlinzi anamkamata na kumrudisha. Asubuhi Lisa yupo mlangoni. Amehesabu hela za kwenye kibubu chake, amekuja mwenyewe. Anambeba hadi kwao, ghorofani, chumba kidogo, na anamshonea kifungo.

Lisa ni mtoto mweusi. Kwa Marekani ya mwaka 1968, mtoto mweusi kwenye kitabu cha picha lilikuwa jambo la kuhesabu kwa vidole, na Freeman wala hakulitolea hotuba, alimchora tu. Mpwa wangu aliweka kidole kwenye ule ukurasa. "Huyu kama mimi." Halafu akauliza swali ambalo sikulijibu vizuri: kwa nini mama yake Lisa hakumtaka dubu kwa sababu ya kifungo tu?

Nikamwambia watu wazima huwa wanaangalia bei. Nimelala nikiona aibu na jibu langu.

MZAMIAJI KUTOKA PERU

Sasa tunafika kwenye kesi yenyewe. Kitabu cha nne kilikuwa cha Paddington, toleo la picha la watoto wadogo. Nyie mnamjua kwenye sinema, ya 2014, ya 2017 na ile ya 2024 anayorudi kwao, au mlimwona mwaka 2022 akinywa chai na Malkia Elizabeth kwenye video ya jubilei. Lakini kitabu cha kwanza kilitoka mwaka 1958, na mwandishi wake, Michael Bond, alikuwa mpiga kamera wa BBC. Mkesha wa Krismasi wa 1956 aliona mdoli wa dubu amebaki peke yake kwenye rafu ya duka London, akamhurumia, akamnunulia mkewe. Kidogo tu awe Mwafrika! Bond alitaka dubu wake atokee Afrika, wakala wake Harvey Unna akamkumbusha kwamba Afrika hakuna dubu, ndipo akampeleka Peru, ambako dubu wapo kweli, wana alama usoni kama wamevaa miwani.

Sasa huyu Paddington kwa lugha yetu ni nani? Ni mzamiaji! Kabisa. Wazee wa bandarini mnaelewa. Shangazi yake Lucy amezeeka, anaingia nyumba ya dubu wastaafu kule Lima, na mtoto anazamishwa melini, anajificha ndani ya mtumbwi wa kuokolea watu, anakula jamu ya machungwa mpaka Uingereza. Familia ya Brown inamkuta stesheni ya Paddington amekalia sanduku lake, shingoni ana karatasi inayoomba watu wamtunze. Hana kibali, hana mwenyeji, jina lake hakuna anayeweza kulitamka, wanampa la stesheni.

Ile karatasi haikutoka hewani. Bond alikumbuka watoto wa wakati wa Vita ya Pili ya Dunia, waliohamishwa kutoka miji iliyokuwa ikipigwa mabomu, wanasimama stesheni na kijisanduku na kikaratasi cha jina shingoni, wanasubiri familia ya mtu wasiyemjua iwachukue. Hata rafiki mkubwa wa Paddington kwenye vitabu hivyo, mzee Gruber mwenye duka la vitu vya kale, ni mkimbizi kutoka Hungary.

Niliposoma pale kwenye karatasi sauti ilinikwama. Nilipokuwa na miaka minane mama alinipandisha basi Singida, akanibania na pini kikaratasi ndani ya shati, kina namba ya simu ya dada. Kondakta akaambiwa "huyu atapokelewa". Tulifika Ubungo usiku, wakati huo mabasi ya mikoani yalikuwa bado yanaishia pale, na dada alikuwa amekwama kwenye foleni. Mama mmoja muuza chai akanikalisha kwenye benchi lake, akanipa andazi, hakuniuliza hela. Sijui anaitwa nani. Dada alipofika alikuwa analia kuliko mimi.

Mtoto hakujali kwikwi zangu. Alikuwa anaangalia picha ya dubu amekaa kula na familia.

"Mjomba, anakula mezani na wenyewe?"

"Anakula."

"Mbona dada hali na sisi?"

Hapa inabidi nieleze. Nyumbani kwetu kuna dada wawili. Kuna dada yangu mimi, mama wa mtoto. Na kuna dada wa kazi, binti wa miaka 17 aliyetoka Singida huko huko miezi minane iliyopita, akateremkia stendi ya Mbezi na namba ya dada kwenye karatasi. Mtoto anamwita dada. Mimi namwita dada ingawa nimemzidi umri. Hata dada akimtuma anamwita dada. Yaani kwa mdomo sote ni ndugu. Lakini chakula kikiiva dada mmoja anakaa mezani na dada mwingine anakaa jikoni kwenye kigoda, na sahani yake ya plastiki na kikombe chake ambacho hakichanganywi na vingine. Hakuna aliyewahi kutangaza sheria hiyo. Na mimi hapa nisiyelipa hata luku nilikuwa nakaa mezani na kuita, "Dada, lete maji ya kunawa!"

Nikamwambia mtoto alale. Kosa langu lilikuwa hilo, maana mtoto ukimnyima jibu anakwenda kulitafuta kwa mwingine.

MEZANI MBELE YA MGENI

Kesho yake tulikuwa na mgeni, mama mdogo wa shemeji. Wali umepakuliwa, dua imesomwa, mtoto akaweka kijiko chini. "Mama, dada aje akae hapa. Hata dubu anakaa."

Mgeni akacheka, "Watoto wa siku hizi!" Shemeji akaangalia simu yake. Dada wa kazi alikuwa amesimama na jagi la maji, akageuka akarudi jikoni haraka kama vile ameitwa. Dada yangu hakusema neno mpaka mgeni alipoondoka.

"Ndio mambo unayomfundisha mwanangu? Anidhalilishe mbele ya wakwe?" Nikajitetea kwamba ni kitabu. "Kitabu kimenunuliwa na nani? Na wewe unayekula bure hapa, unataka kunipangia nani akae wapi?"

Mpenzi msomaji, hapo sikuwa na jibu. Nisimchore dada yangu vibaya. Anaamka saa kumi na nusu alfajiri, anarudi usiku, mshahara wa yule binti anaulipa mwisho wa mwezi bila kuzungushana, na ndiye huyo huyo aliyekuja Ubungo akilia. Amenilea. Lakini nilichokuwa nakiona ni kwamba mimi na yule binti tumetoka mkoa mmoja, na karatasi ya namna moja, kwa mtu mmoja, na tofauti ya kuwa mimi niko mezani na yeye yuko jikoni ni kwamba mimi tumbo letu ni moja.

Nikaenda jikoni na sahani yangu kama shujaa wa sinema. Nikamwambia kuanzia leo tule pamoja mezani, mimi nitazungumza na dada.

Binti akanikata kalima. "Kaka, niache. Mezani nitakula nini mnaniangalia? Hapa nanyoosha miguu yangu." Ushujaa ukaniishia. Nikabaki nimeshika sahani. Akaosha vikombe viwili vitatu, kisha akauliza bila kugeuka: "Ila lile dubu la dukani, lilipata kifungo chake? Mimi huwa nasikia mwanzo tu, mkifika katikati naitwa nitoe vyombo."

Kwa miezi minane tulikuwa tunajua anapenda chumvi kidogo na kwamba anaogopa mende. Kwamba anasikiliza hadithi koridoni, hakuna aliyejua.

Tangu siku hiyo nimehamisha kituo. Hadithi inasomwa jikoni, saa mbili na nusu, mtoto akiwa juu ya kigoda, mimi nimekaa kwenye ndoo iliyofunikwa, binti anaosha vyombo polepole kuliko kawaida. Kiingereza changu cha fomu foo natafsiri papo hapo, pakinishinda natunga. Corduroy tumemsoma mara nne. Binti anasema Lisa alikosea, angetafuta kifungo kinachofanana, na kuthibitisha akaleta shati langu lililokuwa limekatika kifungo tangu Pasaka.

Dada hajasema ndiyo wala hapana. Juzi tulifika pale Paddington anapofurisha maji bafuni siku yake ya kwanza kwa akina Brown. Binti alicheka mpaka akasahau bomba wazi. Kutoka sebuleni dada yangu akauliza kwa ukali kuna nini huko.

"Njoo uone picha," mtoto akamjibu.

Akaja. Akasimama mlangoni, rimoti mkononi, akatazama ukurasa ule kwa muda, halafu akauliza bafu hilo nani alilipiga deki. Nikamwambia bado hatujafika hapo. Hakuondoka.

Kitabu cha tano nimekiona Posta, kina dubu kwenye jalada. Jamaa anataka elfu tano, hapunguzi hata mia. Mhariri, malipo yangu tafadhali.